Mama aligonga kichwa, sasa anasahau: mpeleke CT scan leo

Mkuu, weka chini hizo diklofenaki. Mama kapita miaka 70, kateleza bafuni kagonga kichwa, eksirei mkaambiwa safi, sasa wiki ya tatu kichwa kinamuuma na wajukuu anawachanganya majina. Halafu unatuuliza dawa ipi ya maumivu inafaa, na kama ataweza basi la Moshi kwenda harusini?

Eksirei inaonyesha mfupa. Damu inayovuja ndani ya kichwa haionyeshi!

Baba yangu alijigonga kwenye bomba la bajaji wakati anaingia. Hata nundu hakutoka. Wiki kadhaa baadaye akawa anasinzia mchana kutwa, anavaa kanzu kinyume, kisha mguu wa kushoto ukaanza kuburuza. Zahanati wakasema malaria, mara taifodi. Hao ningewasamehe. Aliyetuponza ni yule bwana wa kliniki ya binafsi aliyeutazama mguu, akatamka kiharusi, akaandika aspirini ya kila siku. Hakuuliza kama mzee aliwahi kuanguka au kujigonga, hakuagiza kipimo hata kimoja. Damu inavuja kichwani, naye anampa dawa ya kuizuia isigande! Mpaka leo nikipita barabara ile nafsi inachemka. Kwa macho, mshipa ulioziba na damu iliyojikusanya juu ya ubongo vinaweza kufanana kabisa. Kinachovitenganisha ni CT scan, kile kipimo cha picha kinachoonyesha ndani ya ubongo. Baba aliipata akiwa hajitambui tena. Wakamtoboa fuvu, ikatoka damu nyeusi kama oili chafu. Yu hai, lakini mguu haukurudi ulivyokuwa.

Daktari aliyempasua alitueleza kwamba ubongo wa mzee husinyaa, vile vimishipa kati yake na utando wa nje vinavutika, na mtikisiko mdogo tu unavichana. Damu huvuja polepole, wiki hata miezi. Kwa hiyo hata CT ya siku ya kwanza ikiwa safi, dalili zikija baadaye anapigwa nyingine.

Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe "aligonga kichwa", kabla hujataja presha wala sukari. Beba pakiti za dawa zake zote, hasa kama kuna wafarini (nayo huzuia damu kuganda) au aspirini. Umesema mpo Dar: MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wana wapasuaji wa ubongo. Akitapika, akipata degedege, upande mmoja ukilegea au akiwa mgumu kuamka, usipange foleni ya kliniki, ingia dharura moja kwa moja, hata iwe saa nane usiku.