Jibu: Feritini juu, himoglobini chini (watoto wa Wete)

Waalaikumsalaam ndugu yangu. Umeuliza vipi watoto unaowapima Wete wana himoglobini ya chini, ilhali feritini (protini inayohifadhi chuma mwilini) inaonesha madini chuma yapo, na msimamizi anataka uandike kuwa hayakupungua. Usiandike bado! Tazama kwanza CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe. Feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi, hata akiba ya chuma ikiwa imekwisha. Ndiyo maana kwa walio chini ya miaka 5 wenye maambukizi WHO huhesabu chuma kimepungua feritini ikiwa chini ya mikrogramu 30 kwa lita, si 12. Mimi hupima na malaria papo hapo, kwa damu ileile ya kidoleni. Hesabu za kurekebisha feritini simo, muulize mtakwimu. Ila usipendekeze vidonge vya chuma kwa kila mtoto: jaribio la hapa hapa Pemba, lililochapishwa 2006, lilionesha chuma na asidi ya foliki viliongeza hatari ya mtoto kulazwa au kufa.