Barua kwa mwanangu aliyehama wodi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema hii ni wiki ya sita uko kliniki, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na unaniuliza: "Mama, mbona nachoka kuliko nilipokuwa nakesha wodini? Au nimekosea kuhama?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungeniambia "niko salama, Mama," tukaishia hapo.

Hukukosea. Nami nilifanya zamu miaka 19 kabla ya kuhamia kliniki. Miezi ya mwanzo nilikuwa nashtuka saa nane usiku, usingizi umekwisha kabisa, nikazunguka chumba hadi chumba nikiwagusa mapaji ya nyuso mkiwa mmelala. Hakuna aliyekuwa na homa. Ilikuwa tu ndiyo saa yangu ya kupitia vitanda, na mikono ilikuwa haijaambiwa kwamba tumehama.

Mwili una saa yake ubongoni, na saa hiyo hufuata mwanga. Haya unayajua kunishinda mimi, lakini wauguzi tuna tabia ya kumweleza mgonjwa jambo ambalo sisi wenyewe hatulifuati. Kazi ya usiku si mzigo mdogo. Mwaka 2007 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ikaipitia upya na kuiacha kundini humo. Sikutishi. Nataka tu usijilaumu kwa kuondoka.

Halafu piga hesabu. Zamani ulifanya zamu 3 za saa 12, jumla saa 36, ukabaki na siku nne zako. Sasa unafanya siku 5 za saa 8, ambazo ni saa 40, na safari ya kwenda na kurudi unaifanya mara tano badala ya tatu. Kazi ya kliniki ni nyepesi kwa mgongo, ila inakurudia kila asubuhi. Kwa hiyo uchovu wako si uvivu.

Amka saa ileile kila siku, Jumamosi na Jumapili pia, hata kama usiku ulilala vibaya. Ukiamka tu, toka nje upate mwanga. Kahawa iishe kabla ya mchana kugeuka, maana ile ya saa kumi, karibu nusu ya nguvu yake bado iko damuni saa tatu usiku.

Lakini kuna sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba Ijumaa mbili sasa umerudi wodini usiku kuwashikia wenzako zamu kwa sababu wamepungukiwa. Mwanangu, hapo ndipo penye tatizo. Kila mwili unapoanza kuzoea mchana, unaurudisha usiku, na Jumatatu unaanza upya. Najua wanavyoomba. Najua pia ulivyo, huwezi kumwacha mwenzako na wagonjwa ishirini peke yake. Lakini kujaza pengo lile ni kazi ya uongozi wa wodi, na ukiendelea kulijaza wewe hakuna atakayeliona.

Nadhani hurudi kule kwa ajili ya wenzako pekee. Uliandika kwamba kliniki unajiona kama karani wa kupima presha. Neno hilo limeniuma, kwa sababu nililisema mimi pia.

Alikuja mzee mmoja ana donda juu ya kifundo cha mguu. Mguu mmoja kiatu, mwingine ndala iliyokatwa ukanda ili bandeji ipite. Kila Jumanne nilisafisha donda, nikalipima kwa kipimo cha karatasi, nikafunga bandeji ya kubana kuanzia penye vidole hadi chini ya goti. Sentimita 6. Wiki mbili baadaye, 6 zilezile. Kisha 5 na nusu. Nilirudi nyumbani nikiwa sina la kusimulia, nikiwaonea wivu wenzangu waliokuwa wameokoa mtu usiku. Mwezi wa tano nikafungua bandeji nikakuta ngozi changa, laini, na kile kipimo kimebaki mkononi hakina pa kuwekwa. Jumanne iliyofuata mzee alikuja amevaa viatu vyote viwili, akakaa benchi la mbele akiwa amenyoosha miguu ili nivione nikipita.

Wodini nilitibu wengi kuliko huyo, ila wengi sikuwahi kujua waliishia wapi.

Ijumaa hii wakikupigia, waambie huwezi. Ukiona neno linakukwama, nipigie kwanza mimi. Na Jumamosi nitakupigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa yako ya kuamka. Pokea ukiwa nje.

Nakupenda,
Mama yako