Mtoto anataka umeme, baba anataka hisabati

Mama wa Kadutu, umesema kijana wako yuko mwaka wa nane, TENASOSP (mtihani wa taifa hapa Kongo wa kuelekeza wanafunzi wa mwaka wa nane kwenye masomo ya mbele) inakaribia, baba yake anamtaka hisabati na fizikia, naye mwenyewe anataka umeme. Nimefundisha darasa hilo hapa Bukavu, hofu yako naielewa sana.

Mtihani wa majaribio kwanza. Weka saa mezani, ficha simu, aufanye wote bila kunyanyuka. Kesho yake (hapa ndipo wazazi wengi huachia) kaa naye mpitie makosa moja moja: hakujua, au hakusoma swali vizuri? Dawa zake ni tofauti kabisa.

Kuhusu opsio, yaani tawi la masomo atakalochagua, mwambie baba kwamba umeme si njia ya walioshindwa. Ni miaka minne ya humanite (sekondari ya juu) kama zile nyingine, inaishia Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na mwenye diploma ya Serikali anaweza kuendelea chuo kikuu. Ila umeme nao una hisabati nyingi, kijana alijue hilo mapema. Likizo ikifika akae wiki moja kwa fundi umeme, na baba akamwone huko. Halafu nendeni mkaulize shuleni: karakana ina vifaa, au wanafunzi huchora nyaya ubaoni tu?