Valvu ya Radieta Inavuja: Nikaze Nati Mwenyewe?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na sasa naishi Leicester, Uingereza, pamoja na wanangu wawili katika nyumba ya kupanga. Tangu baridi ianze, valvu ya radieta ya sebuleni inadondosha maji meusi. Nimetega bakuli, na kila baada ya siku mbili, mshale wa geji ya boila unaposhuka, huongeza maji kama jirani alivyonielekeza. Je, niendelee hivi hadi majira ya joto, au nikaze nati mwenyewe?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Tafadhali usingoje majira ya joto. Bakuli linaokoa zulia tu, na kinachonitia wasiwasi kuliko matone yenyewe ni hayo maji mapya unayoongeza. Maji ya mfumo huu hayabadilishwi kila siku. Ni yaleyale yanayozunguka kutoka kwenye boila hadi kwenye radieta na kurudi, na kwa kuwa oksijeni iliyomo huisha mapema, kutu nayo hupungua. Kila unapofungulia maji ya bomba unaingiza oksijeni nyingine na kuizimua dawa ya kuzuia kutu iliyochanganywa na maji hayo, hivyo chuma cha radieta kinaliwa kutoka ndani. Weusi uliouona ni unga wa chuma hicho, ambao baadaye hutuama chini ya radieta na kuziba njia nyembamba za boila.

Kabla ya kushika spana, ni lazima ujue maji yanatoka wapi hasa, kwa sababu tone huonekana linapodondokea na si linapoanzia. Zima boila, acha mabomba yapoe kabisa, kausha valvu yote kwa kitambaa, kisha zungushia karatasi ya shashi kila kiungo na utazame ni ipi inayolowa kwanza. Ikilowa ile ya nati inayounganisha bomba na valvu, au valvu na radieta, nati hiyo inaweza kukazwa kidogo sana, robo mzunguko au chini ya hapo, huku spana ya pili ikiishika valvu isigeuke na kulipinda bomba. Ikiwa maji yanatoka juu, kando ya kijiti kinachozunguka chini ya kishikio, kaza kidogo nati ndogo inayokizingira. Zaidi ya hapo usilazimishe, kwani nati iliyokazwa kupita kiasi huharibu kiungo kilichokuwa kizima.

Maji yakiendelea, funga valvu zote mbili za radieta hiyo. Ile ya upande wa pili, iliyofunikwa kifuniko cha plastiki, hesabu mizunguko unapoifunga na uiandike, maana ndiyo inayogawa joto kwa usawa nyumbani, na itapaswa kurudishwa palepale. Ikiwa valvu yako ni ya themostati, kuiweka kwenye alama ya theluji si kuifunga: chumba kikipoa sana hujifungua yenyewe ili maji yasigande.

Kwa kuwa umepanga, mwandikie mwenye nyumba leo, ukiambatisha picha na tarehe. Kifungu cha 11 cha sheria ya wapangaji ya mwaka 1985, inayotumika England, kinamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya kupasha nyumba joto, na kubadilisha valvu ni sehemu ya wajibu huo. Mwombe pia fundi arudishe dawa ya kutu, jambo linalosahaulika mara nyingi.

Matone yakikoma, mshale unapaswa kutulia kati ya 1 na 1.5 boila ikiwa baridi. Ukiendelea kushuka, tazama nje ya ukuta kama kile kibomba cha shaba kinachotoka kwenye boila kinachuruzika. Kikichuruzika, tatizo limo ndani ya boila, na hapo usifungue kifuniko chake: kazi hiyo ni ya fundi wa gesi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi Uingereza, naye umwombe akuonyeshe kitambulisho chake kabla hajaanza.