Maswali na Majibu: Kununua Golf GTI ya Zamani na Kuitengeneza Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zinahusu gari moja: Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, hachibeki yenye injini ya lita 2.0 ya tabo na nguvu za farasi 200, iliyoingia sokoni mwaka 2004 na kuachwa kizazi cha sita kilipofika. Nchini Kenya haiwezi tena kuagizwa kutoka nje, kwa kuwa sheria inakataza gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo kila moja inayouzwa leo imeshatumika katika barabara zetu, na imeshapita mikononi mwa mafundi wa kila aina. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Nimeonyeshwa GTI ya 2006 iliyotoka Japani. Odometa inasoma kilomita 98,000, na muuzaji anajisifu kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Nitajuaje kama anasema kweli? (Msomaji, Nakuru)

Ndugu yangu, odometa ya gari la umri huo hurudishwa nyuma kwa urahisi, kwa hiyo tegemea karatasi zaidi ya kioo cha dashibodi. Omba risiti za matengenezo, na kama imehifadhiwa, omba pia karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huonyesha kilomita za gari siku lilipouzwa huko pamoja na sehemu zilizokwaruzika au kurekebishwa. Soma namba ya chesisi na uilinganishe na ile iliyo katika kitabu cha umiliki. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 17, huanza na WVWZZZ1K, na alama yake ya kumi hutaja mwaka wa modeli: 6 ni 2006, 7 ni 2007. Kabla hujatoa hata shilingi moja ya amana, tafuta kumbukumbu za gari katika NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kwa maana huenda limeandikishwa kwa jina la muuzaji pamoja na benki au taasisi ya mikopo ambayo bado inadai.

Ukiridhika na karatasi, mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha uguse injini kuhakikisha kwamba ni baridi kweli. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mtetemo, mlio wa mnyororo mdogo wa kamshafti na moshi wa buluu wa oili, yaani mambo yale yale uliyokuja kuyatafuta. Inapounguruma, fungua kifuniko cha oili: kikivutwa chini kwa nguvu isiyo ya kawaida au ukisikia mluzi, utando wa valvu ya hewa ya kranki umepasuka. Unganisha mashine ya kusoma hitilafu hata kama hakuna taa inayowaka, na usome pia hali ya majaribio ya ndani ya kompyuta, kwa kuwa yakionekana hayajakamilika, inawezekana sana kwamba mtu amefuta hitilafu muda mfupi kabla ya wewe kufika.

Kuhusu sifa kwamba injini haijawahi kufunguliwa, kwangu hiyo si sifa. Injini hii ina mkanda wa taimingi wa mpira unaopaswa kubadilishwa, ina mahali panapohitaji kukaguliwa kila baada ya muda, na kwa sababu petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda bila kuosha valvu za hewa, valvu hizo hujaa masizi magumu ambayo lazima siku moja yakwanguliwe. Kati ya GTI iliyofunguliwa na fundi mwenye risiti na ile ambayo haikuguswa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, ningechukua ya kwanza bila kusita, hata ikiwa na kilomita nyingi zaidi.

Nimeshainunua, na ninataka kuifanyia kazi mwenyewe mwishoni mwa wiki. Rafiki zangu wananishauri nianze kwa kubadilisha programu ya injini ili ipate nguvu zaidi. Nianzie wapi? (Msomaji, Thika)

Anzia kwenye kikombe kidogo cha chuma ambacho wengi wa wanaokushauri huenda hawajawahi kukiona. Pampu ya petroli ya shinikizo kubwa imefungwa mwishoni mwa kichwa cha injini, upande wa giaboksi, na husukumwa na kamshafti ya valvu za hewa, yaani mhimili unaozifungua valvu hizo. Kati ya kamshafti na pampu kuna kikombe chenye upana wa kama kidole gumba, kilichopakwa utando mweusi mgumu, nacho ndicho kinachosuguliwa kila kamshafti inapozunguka. Utando huo ukiisha, chuma hukutana na chuma, kikombe hutoboka, halafu kamshafti na pampu vyote viwili huliwa. Kikombe chenyewe ni spea ya bei ndogo. Kamshafti na pampu vinaweza kumaliza akiba yako yote.

Ukaguzi wake unafanyika nyumbani, lakini kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa petroli ndani ya reli, yaani bomba linaloigawia silinda, hufikia shinikizo la takriban bari 110 injini inapofanya kazi. Liache gari lipoe usiku kucha, fungua kifuniko cha tangi, ondoa waya wa betri, funika viungo vya bomba kwa kitambaa unapovilegeza taratibu, na usiwe na moto wala sigara popote karibu. Pampu imeshikwa na bolti tatu. Ukiitoa, kikombe utakikuta ndani ya tundu lake; kitoe na utazame uso wake uliokuwa ukigusa kamshafti. Ukiwa mweusi wote, kirudishe. Ukiwa unang'aa au una shimo la kubonyea, weka kipya, kisha umulike ndani kwa tochi uone kama kamshafti yenyewe imechimbika. Mimi ningekikagua kila kilomita 15,000, na katika gari lililonunuliwa leo ningekikagua kabla ya safari yoyote ndefu. Mashine ya kusoma hitilafu ikikuonyesha namba P2293 au P0087 na gari likakosa nguvu ghafla, usiliendeshe tena mpaka umekitazama.

Baada ya hapo badilisha oili na filta yake. Oili inayotakiwa ni 5W-40 iliyoandikwa kibali cha Volkswagen 502 00 kwenye kopo, kiasi cha lita 4.6 pamoja na filta, na kwa foleni zetu kilomita 7,000 hadi 8,000 zinatosha kabla ya kuimwaga. Mkanda wa taimingi, kama hakuna risiti inayotaja tarehe, uhesabu kuwa umekwisha muda wake. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na injini iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa ya kufunguliwa yote jioni. Pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo ibadilishwe siku hiyo hiyo pamoja na rola na kikaza mkanda. Kazi hii, hata kwa mtu mwenye spana nzuri, ningependa aifanye mara ya kwanza akiwa na fundi anayeijua, kwa sababu alama za taimingi zikikosewa hasara yake inaweza kufanana na ya mkanda kukatika.

Plagi na koili zinafuata, kisha valvu ya kupunguza shinikizo la tabo, ambayo katika magari ya miaka ya mwanzo ilikuwa na utando wa mpira unaopasuka. Toleo la baadaye lenye pistoni ndilo la kununua. GTI nyingi zinazosemwa kuwa zimechoka tabo hupata nguvu zake zote kwa kubadilishiwa kipande hicho tu.

Programu mpya ya injini ije baada ya hayo yote. Inaweza kuongeza nguvu za farasi 40 au zaidi, lakini nguvu hizo hutokana na shinikizo la tabo na petroli zaidi, na pampu ya petroli ndiyo inayolazimishwa kuzitafuta. Kumbuka pia kwamba Volkswagen yenyewe ilipendekeza petroli ya oktani 98, na ikaruhusu 95 kwa kupoteza nguvu kidogo. Mwenye kukuuzia programu akuambie wazi ameiandaa kwa oktani gani, na kama hana jibu, usimpe gari lako.

Yangu ni ya DSG, giaboksi ya otomatiki ya Volkswagen. Ikiwa baridi inakwenda vizuri, lakini kwenye foleni inaruka inapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, na mara moja herufi za gia ziliwakawaka kwenye dashibodi. Fundi anataka kuondoa giaboksi yote aweke ya mitumba. (Msomaji, Eldoret)

Usikubali bado. Giaboksi hiyo ina gia sita na klachi mbili zinazoogelea ndani ya oili, na oili hiyo pamoja na filta yake vinatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Magari mengi hupita kiwango hicho mara mbili bila kuguswa, kwa kuwa wamiliki huambiwa kwamba giaboksi ya otomatiki haihitaji huduma. Anza na oili sahihi ya DSG, wala si oili ya kawaida ya otomatiki inayouzwa kwa galoni. Kiwango chake hupimwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa na joto la kati ya nyuzi 35 na 45, likisomwa kwa mashine. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo atabahatisha, na oili pungufu huleta kuruka huko huko unakolalamikia. Baada ya kubadilisha, mwambie aendeshe utaratibu wa kuzoesha klachi upya kupitia kompyuta.

Kama herufi zitaendelea kuwakawaka, shaka inahamia kwenye mekatroniki, yaani kisanduku cha valvu na kompyuta kilicho ndani ya giaboksi. Hicho hutengenezeka bila kutupa giaboksi nzima. Giaboksi ya mitumba huja na historia usiyoijua, na mara nyingi ilitolewa kwenye gari kwa sababu hiyo hiyo.

Naishi Mombasa, na nimeona rangi imevimba kidogo juu ya magurudumu ya mbele. Muuzaji anasema ni vumbi la chumvi tu. (Msomaji, Mombasa)

Dada, hiyo ni kutu, na ina chanzo kinachojulikana. Ndani ya fenda za mbele kiwandani waliweka sponji ya kuzuia kelele, nayo hushika maji na tope hadi bati linaoza kutoka ndani kuja nje. Toa plastiki ya ndani ya fenda, ondoa sponji yote, safisha, na ukague kwa bisibisi kama bati bado ni gumu. Fenda za gari hili hufungwa kwa bolti, kwa hiyo iliyooza hubadilishwa badala ya kujazwa lami na kupakwa rangi. Jambo la kutazama zaidi kwa hewa ya pwani ni sakafu chini ya mazulia na mabomba ya breki. Hayo yakiwa yameoza, liache gari hilo.

Je, kwa mtu wa Arusha asiye na fundi wa Volkswagen karibu, si afadhali Suzuki Swift Sport au Toyota Vitz RS? (Msomaji, Arusha)

Ni afadhali, na nasema hivyo ingawa naipenda Golf. Vitz RS ya 2005 hadi 2010 ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo ndiyo iliyomo katika Probox nyingi, kwa hiyo hakuna mji wenye duka la spea utakaokosa plagi, filta au pampu yake ya maji. Swift Sport ya miaka hiyo, yenye injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 125, ni nyepesi, inakata kona kwa furaha, na taimingi yake ni ya mnyororo. Zote mbili zilipatikana na gia ya mkono, na zote mbili mtu anayejifunza ufundi anaweza kuzifungua bila hofu.

Kitu kimoja utakachokikosa ni tabo. Katika mwinuko wa Arusha, wa mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, wakati Golf huhisi mwinuko huo kidogo sana. Kwa upande wenu Tanzania gari la zamani bado linaweza kuagizwa, lakini linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, basi piga hesabu yote ya kodi kabla ya kuvutiwa na bei ya Japani.

Rimu za inchi 18 zinafaa Kisumu? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Tumia za inchi 17 zenye tairi 225/45, kwa kuwa ukuta mnene wa tairi huokoa rimu kwenye mashimo. GTI tayari iko chini kwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida, kwa hiyo springi za kuishusha zaidi zitakufanya ugonge kila tuta.

Ninaishi kwenye ploti na nina nafasi ya gari moja tu. Ni vifaa gani vya lazima? (Msomaji, Nairobi)

Stendi mbili imara za kushikilia gari, na hizo zinunuliwe kabla ya spana yoyote. Jeki kazi yake ni kuinua tu, haikuumbwa kushikilia, na mafundi wamepoteza maisha kwa kuingia chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Weka mawe au kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini, fanya kazi mahali pa saruji tambarare, na kabla hujaingia chini lisukume gari kwa mkono uone kama linatikisika. Tafuta seti ya bisibisi na soketi za toksi, zenye ncha ya nyota, kwa kuwa Volkswagen huzitumia kila mahali na spana za kawaida zitaharibu vichwa vya bolti. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza inahitajika pia, hasa kwa plagi na magurudumu, pamoja na mashine ya kusoma hitilafu inayoelewa lugha ya Volkswagen, maana ile ya bei rahisi haitaingia kwenye giaboksi wala mifuko ya hewa. Oili iliyotumika ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko na umpelekee mwenye gereji anayeikusanya. Usiimwage kwenye mtaro wa ploti, kwa sababu majirani wako wana watoto wanaocheza hapo.