Jibu: Mwanagenzi wa sheria hufanya nini hasa katika kampuni kubwa ya mawakili?

Ndugu, umeuliza iwapo mwanafunzi wa LDC (chuo cha Uganda kinachowaandaa wahitimu wa sheria kuwa mawakili) anayepelekwa kwa mafunzo ya vitendo katika kampuni kubwa ya mawakili wa biashara mjini Kampala huonja kazi ya mahakamani, au hushinda akibeba mafaili tu. Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu utakifika, lakini utaketi nyuma ya wakili wako ukiandika mwenendo wa shauri.

Sehemu kubwa ya siku huishia kwenye nyaraka. Benki inapotaka kumkopesha mfanyabiashara kwa rehani ya ardhi, huenda ukatumwa wewe kwenye masjala ya ardhi kuhakikisha kwamba hati ni halali na kwamba hakuna zuio wala rehani nyingine iliyokwisha kuandikishwa juu yake, kisha URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, kukagua wakurugenzi na wanahisa wa kampuni inayokopa. Wengi huidharau kazi hii. Mimi naiona kuwa ndiyo shule yenyewe. Kwenye ardhi ya mailo ya Buganda, yaani ile inayomilikiwa milele kwa hati, uwe makini zaidi, kwa sababu mwenye hati na mkaaji wa kibanja (kipande anachokikalia bila kuwa na hati ya ardhi hiyo) mara nyingi ni watu wawili, na ingawa Sheria ya Ardhi ya 1998 humlinda mkaaji halali, hati peke yake inaweza isikuonyeshe kwamba yupo, hivyo ni lazima mtu aende kuliona shamba lenyewe.

Kuhusu posho, ambayo hukuigusa, uliza kabla ya kuripoti, na uulize kwa maandishi.