Spotify na Apple Music kwenye spika za sebuleni, mbona naskia sawa?

SWALI: Mambo! Nina amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa, naunga simu kwa bluututhi. Mshkaji ananiambia Apple Music inalia safi kuliko Spotify ila mi nimejaribu zote naona zile zile tu, masikio mabovu au?

JIBU: Masikio yako mazima kaka, hapo umelinganisha bluututhi na bluututhi. Apple Music tangu 2021 wanatoa muziki usiopunguzwa kitu bila kuongeza hela, Spotify nao wakaleta 2025 kwa wanaolipia, sasa ukiupitisha kwa bluututhi simu inaubana upya na ule uzuri unabaki njiani. Tafuta kile kidude cha USB cha kugeuza sauti (DAC), kichomeke kwenye simu, halafu toka hapo chomeka waya mwekundu na mweupe nyuma ya amplifaya. Kwenye Apple Music ingia setingi uiwashe mwenyewe hiyo sauti isiyopunguzwa (Lossless), huwa imezimwa. Na voliumu iwe sawasawa pande zote, maana inayolia juu kidogo tu lazima utaiona tamu zaidi. Ila nikwambie ukweli, Spotify ya kilobiti 320 kwa sekunde, yaani ile iliyobanwa, wengi hatuitofautishi na isiyopunguzwa, mi ningeanza kusogeza spika mbali na ukuta, bure kabisa na bando haliliwi.